Tangi Likijaa

Pijo la Mzee Garama lilikuwa likichagua siku za kufa. Siku za kawaida, mzee akiwa na kaptura yake na magunia ya nazi nyuma, lilitoka Mtongwe likaenda Kwale likarudi bila hata kukohoa. Lakini siku ya watu, siku ambayo shati limepigwa pasi na gari limeng'arishwa mpaka mtu anaweza kujinyolea ndevu kwenye mlango wake, hapo ndipo lilipotafuta mahali penye macho mengi likazimika. Lilizimika njiani kwenda mazikoni Kaloleni, jeneza likatangulia na pikapu ya watu wengine, naye Garama na wazee wa ukoo wakabaki kando ya barabara wakila vumbi la malori. Lilizimika tena kwenye mteremko wa kanisa, Jumapili moja yenye jua kali, askofu mgeni akiwa kiti cha mbele.

Hiyo ya askofu ndiyo iliyomtoa Garama katika ustaarabu wake. Asubuhi ya Jumatatu gari liliwaka kwa ufunguo mmoja tu, kana kwamba halikufanya lolote, naye akaliendesha moja kwa moja hadi gereji ya Absalom pale Shika Adabu. Hata mlango hakuufunga aliposhuka.

Absalom alitoka chini ya lori akijifuta mikono kwa gazeti. Ni Mluhya wa Vihiga, mrefu, mwenye cheko la karibu, na magari ya zamani aliyapenda kuliko mapya. Lile Pijo 504 la rangi ya maziwa, lenye gia kwenye usukani, alikuwa akiliita "mama mkwe" kwa heshima.

"Shikamoo, mzee."

"Shikamoo yako itie mfukoni. Wewe ni fundi au mpiga ramli?"

"Imezima tena?"

"Lizime vipi zaidi! Askofu ndani! Mtu mzima kashuka, kashika kanzu hivi, apanda kilima kwa miguu na watoto wanamcheka! Umenibadilishia plagi, umebadilisha pointi, umebadilisha koili, sasa pampu. Pampu yenyewe ya jalalani!"

"Mzee, pampu ni mpya. Boksi tulifungua pamoja, mimi na wewe."

"Basi uliibadilisha nilipogeuka."

Palikuwa na dereva wa tuktuk aliyekuwa akingojea breki zake, mwalimu mmoja mwenye tairi la baiskeli, na Mwanatatu, mama wa chapati, aliyekuwa amenyanyua kijiko cha mafuta na kusahau kukirudisha. Absalom aliinama akaweka spana chini polepole.

"Mzee Garama, umeniita mwizi?"

"Nimekuita unavyojijua."

"Sawa. Hiyo gari nilijaribu kwa akili yangu yote. Nilitoa laini ya mafuta kwa tangi, nikafunga chupa ya petroli hapa juu ya boneti, ikanywa kwa chupa, ikaimba kutwa nzima. Nikajua shida ni pampu. Nikaweka pampu, tukaenda na wewe mpaka Ng'ombeni tukarudi, ikaimba. Ukanishika mkono. Sasa unaniita mwizi mbele ya watu wangu." Aligeuka akarudi kwenye lori lake. "Peleka gari yako. Na ukipita hapa siku ingine, pita tu."

Garama aliondoka akipiga honi bila sababu. Yule dereva wa tuktuk naye akakumbuka kuwa ana abiria wa kumchukua, akasema atarudi baadaye kwa ajili ya breki. Hakurudi.

Nyumbani Mtongwe, Dama alikuwa amekwisha kumwita Rashid wa vyuma chakavu. Hakumficha mumewe. Yeye ndiye aliyeuza nazi soko la Likoni, na karibu kila alichopata kiliingia chini ya boneti ile kikayeyuka. Jiko lake lilivuja. Miguu yake ilivimba kwa kusimama. Garama alipowasili alimkuta Rashid akilizunguka gari kwa macho kabla hata halijasimama.

"Ni chuma cha haki hiki, wallahi," Rashid alisema, akagonga mlango kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. "Siku hizi magari ni bati za mikebe. Hili nitalikata vizuri, Mzee Garama, silipigi nyundo ovyo. Nalihishimu."

Miaka yote ya udereva wake, akipeleka abiria Malindi na kurudi, alikuwa ameendesha mali ya watu; hili peke yake ndilo lililokuwa lake. Alitaka kusema neno kali, lakini maneno makali alikuwa ameyamaliza asubuhi. Alikaa kwenye mbuzi ya mkewe ya kukunia nazi, akaangalia miguu yake.

Simu ikalia.

"Haloo, ni Mzee Garama? Naitwa Nyambura, nafanya kazi kwa hoteli hapa Nyali. Picha ya gari yako nimeonyeshwa na binti mmoja wa kanisa lenu. Mzee, imenibamba! Wageni wetu wanataka kuchukuliwa station ya treni na kitu kama hiyo, si van kila siku. Iko sawa? Inatembea?"

Garama alisimama. Alimtazama Dama, akamtazama Rashid, akalitazama gari.

"Latembea, mwanangu," akasema.

"Basi tusikizane. Alhamisi niko Diani kwa mkutano. Nichukue huko, unipeleke Nyali na feri na kila kitu. Nikifika bila stress, kazi ni yako, kila wiki. Nikikwama, tusisumbuane."

Alipokata simu Garama alikuwa akicheka peke yake. Akasimulia kwa mikono, akasimulia mara ya pili Rashid alipouliza kama hoteli yenyewe ni ile ya mnara. Hata Dama alitabasamu, akajizuia.

"Sikiza, Baba Kafedha," alisema. "Nami nitapanda siku hiyo. Nataka nione kwa macho yangu. Likifika Nyali, sitatia neno tena juu ya gari hili maishani mwangu. Likizima, Rashid aje Ijumaa alichukue, nawe usiniwekee uso wa msiba."

"Likizima nitamfungulia geti mwenyewe."

"Inshallah litafika," alisema Rashid kwa adabu. Lakini kabla ya kuondoka aliligonga tena mlango.

*

Alhamisi Pijo lilipita Waa likielekea Diani kwa mwendo wa bwana harusi. Madirisha yako chini, upepo wa asubuhi unaingia, Dama amevaa gauni la kanisani na leso mpya mabegani. Nyambura walimkuta nje ya geti la hoteli ya mkutano, msichana wa Kikuyu mwenye miwani mikubwa na viatu vya raba, akapiga kelele za furaha kabla hata ya kusalimu. Alifungua na kufunga mlango wa nyuma mara tatu kwa kuupenda tu mlio wake.

Pale Ukunda, Garama akasimama kituo cha mafuta. "Jaza," alimwambia kijana wa pampu, kwa ule ukubwa wa mtu asiyesema neno hilo mara nyingi. "Jaza mpaka pomoni." Kifuniko cha tangi alikifunga mwenyewe, akakikaza kwa mikono miwili.

Safari ya kurudi ilikuwa raha tupu. Gari lilivuma chini kwa chini, watoto wa shule wa Ng'ombeni wakapunga mikono, na dereva mmoja wa basi akawapisha kwa heshima. Nyambura aliuliza hili na hili, naye Garama akajibu kila kitu, hata asichokijua. Dama alikaa kiti cha mbele. Alikuwa anaanza kuamini, na jambo hilo lilimtisha kuliko kitu chochote.

Likoni foleni ilikuwa fupi. Waliitwa mara moja, wakateremka kwenye daraja la feri, na kwa bahati wakapangwa mstari wa mbele kabisa, pua ya gari ikiangalia kisiwani. Hapo hapo, kabla Garama hajavuta breki ya mkono, Pijo likakohoa. Likakohoa tena. Likatetemeka kama mtu anayenyimwa maji, likazima.

"Ni kawaida?" Nyambura aliuliza. "Nilidhani watu huzima kwa feri."

"Eeh," alisema Garama. "Huzima."

Alizungusha ufunguo. Stata ililia vizuri, injini haikuitika. Akazungusha tena. Nyuma yao lori la saruji lilikuwa limekwisha kusimama, na nyuma ya lori basi, na watembea kwa miguu walijaa pande zote mbili, mamia ya watu na vikapu vyao. Askari wa kivuko alikuja akiinamia dirisha.

"Mzee! Ni wewe tena? Wewe ndiye wa kwanza kutoka! Ukikwama hapa umetukwamisha sote!"

"Sitakwama."

"Usipowaka tukifika, tunakusukuma, na hili lori likuchubue lisikuchubue."

Geti likapandishwa na feri ikang'oka. Garama alishuka akafungua boneti, na jasho lilikuwa limeshaloanisha shati lote la pasi. Watu wakasogea. Wapo walioanza kutoa ushauri: ni koili, ni betri, ni uzee. Mmoja alisema wazi kwamba ni uchawi. Garama alichomoa bomba la mafuta pale kwenye kabureta, akamwambia Dama azungushe ufunguo. Dama akazungusha. Pampu ikahangaika. Bomba halikutoa hata tone.

"Haiji!" alisema Garama. "Petroli haiji! Na tangi limejaa mpaka shingoni, nimejaza mwenyewe mkiona!"

Dama alishuka. Alikuwa na uso wa mtu anayejaribu kukumbuka mahali alipoweka kitu.

"Baba Kafedha. Siku ya askofu ulijaza?"

"Si wakati wa maswali, Mama Kafedha."

"Ulijaza?"

"Nilijaza! Ningembeba askofu na mafuta ya kuombea Mungu?"

"Na Kaloleni, mazikoni?"

"Safari ndefu ile. Nilijaza."

"Na siku za nazi zangu?"

"Siku za nazi nitajaza kwa nini? Natia kidogo hapa, kidogo Likoni, kidogo..." Akasita.

"Basi hili likishiba ndipo lafa," alisema Dama. "Ukilipa tonge ndogo ndogo halifi. Hata na huyo Absalom, mlikwenda Ng'ombeni na tonge ndogo."

Mtu mmoja akacheka kwa sauti. Gari kufa kwa kushiba! Lakini Garama hakucheka. Alikuwa amesimama na bomba mkononi, macho yamemtoka, akiangalia nyuma ya gari, kule kwenye kifuniko. Siku za nazi hukifungua kifuniko kile kila mara, hapa kidogo, pale kidogo. Siku za heshima hujaza mara moja, akafunga, asikifungue tena.

Alikimbia akakishika. Hakikuzunguka. Alijaribu tena, kikagoma, utadhani kuna mtu ndani anakivuta. Dama akavua leso mabegani, akaifunika kifuniko, wakakishika wote wawili na kukinyonga kwa nguvu zao zote.

*Fyuuuuu.*

Hewa iliingia ndani ya tangi kwa mvuto mrefu, mrefu, na bati la tangi likapiga "dong" likirudi mahali pake. Waliosimama karibu waliruka nyuma. Garama aligeuza kile kifuniko, na mle ndani akaiona kazi ya mikono yake: mduara wa mpira uliokatwa kwenye ndara, ukafungwa juu yake nailoni tabaka tatu.

Mwaka uliopita, hapa hapa kwenye daraja la feri, gari likiwa limenyanyua pua, petroli ilikuwa ikivuja kidogo kwenye kifuniko, na askari huyu huyu alimgombeza mbele ya abiria kwamba ataichoma feri. Garama alirudi nyumbani na aibu yake, akachukua ndara, akachukua kisu, akaziba. Aliziba vizuri. Alijisifu moyoni kwa siku nyingi. Wala hakumwambia mtu, maana ingembidi asimulie na aibu yenyewe.

"Dama!" alipiga kelele. Hakuwa amemwita kwa jina lake mbele za watu tangu wamzae Kafedha. "Dama, nimeliziba pumzi! Petroli yatoka, hewa haina pa kuingilia! Tangi lajinyonga lenyewe! Ni mimi! Nimelinyonga mwenyewe mwaka mzima!"

"Bandua hicho kidude, tunafika!" alisema Dama, na yeye pia alikuwa akipiga kelele.

Kisiwa kilikuwa kimekwisha kuwa kikubwa mbele yao. Garama alichomoa mpira kwa meno, akautia mfukoni, akafunga kifuniko kitupu, akakimbia mbele kurudisha bomba na kushusha boneti, kisha yeye na Dama wakajitupa ndani. Geti la feri likaanza kuteremka. Dereva wa lori la saruji akakanyaga mafuta akinguruma, na askari akainua mkono. Nyambura alikuwa ametoa kichwa nje ya dirisha, simu juu, anarekodi.

Ufunguo. Stata ikalia, injini kimya. Ufunguo tena. Stata ikalia, injini ikapiga chafya moja. Geti likagusa zege.

"Mama mkwe," Garama alinong'ona, kwa jina ambalo Absalom huliita gari, bila kujua kwamba analitumia. "Tafadhali."

Ufunguo. Na Pijo likawaka! Likanguruma, likatoa moshi mweupe, likatulia katika ule mvumo wake wa chini kwa chini, na feri nzima ikalipuka kwa vifijo. Akina mama walipiga vigelegele. Yule wa uchawi alipiga makofi kuliko wote. Pijo likapanda daraja la kisiwani likiwa la kwanza, mbele ya malori na mabasi yote, na Garama akipiga honi mpaka juu, mara hii kwa sababu.

*

Lilifika Nyali. Lilipita mjini kwenye foleni, likavuka daraja, likaingia geti la hoteli na kusimama chini ya kivuli cha mlangoni, na wahudumu wakatoka kulitazama. Dama alishuka akalizunguka. Alilipangusa vumbi la taa kwa pembe ya leso, na Garama akaona.

"Mzee, nikuambie ukweli," Nyambura alisema. "Pale feri nilikuwa nimeandikia bosi wangu message, 'Hapana, tafuta van.' Sikuwa nimetuma. Nimefuta." Akacheka. "Kazi ni yenu. Lakini gari ya umri huu itaharibika tena, si ndio? Na mgeni akiwa ndani sitaki maombi. Nataka fundi anayeijua. Fundi wenu ni nani?"

"Fundi," alisema Garama, "ni mi..."

"Tunaye," Dama akamkata. "Aitwa Absalom. Yuko Shika Adabu."

"Poa. Kesho asubuhi mje naye nimuone. Bila yeye sisaini."

Wakirudi, walipokwisha kuvuka Likoni, Garama alipunguza mwendo.

"Nitamwita pembeni," alisema. "Nizungumze naye taratibu."

"Ulimwita pembeni ulipomtukana?"

Gereji ilikuwa imejaa, ndiyo saa ya watu kutoka kazini. Mwanatatu alikuwapo na chapati zake. Absalom aliliona Pijo, akaliacha lipite. Halikupita. Garama alisimama katikati ya uwanja, akashuka, akavua kofia yake.

"Fundi Absalom," alisema. "Jumatatu nilikuita mwizi hapa. Pampu yako ni nzima, kazi yako ni nzima. Aliyeliharibu gari ni mimi." Akatoa ule mpira mfukoni, akaunyanyua wote wauone. "Niliziba kifuniko cha tangi kwa ndara. Sikukwambia. Nisamehe."

Absalom aliendelea kufunga nati. "Sijasikia vizuri," alisema. "Na huyu mama wa chapati pia hajasikia."

"Sijasikia," alisema Mwanatatu upesi.

Garama akasema tena, kwa sauti zaidi. Mtu mmoja akaja na pikipiki, Absalom akamwonyesha kwa spana. "Na huyu ndio amefika." Garama akavuta pumzi akasema mara ya tatu, akipiga ukelele mpaka watu wa kituo cha ng'ambo wakageuka. Kufikia hapo midomo yake mwenyewe ilikuwa ikicheza, na Absalom alikuwa ameinamisha uso ndani ya boneti ili wasimwone anavyotikisika kwa kicheko.

Alipoinuka aliupokonya ule mpira. Aliugeuza, akaunusa, na ghafla akajipiga paji la uso.

"Chupa!" alipiga kelele. "Jameni, chupa! Chupa yangu ilikuwa wazi huku juu! Ilikuwa inapumua! Ndio maana iliimba!" Alimshika Garama mabega akamtikisa. "Na Ng'ombeni ulikuwa umeweka kidogo, tangi ilikuwa na hewa mingi! Na ikilala usiku, hewa inaingia polepole, asubuhi inawaka! Ndio maana! Mzee, na mimi sikuwahi kufungua hiyo kifuniko hata siku moja, niangalie tu ndani! Miezi yote!" Akalizunguka Pijo kama mtu aliyerudishiwa mtoto, akalipiga kofi la mapenzi mgongoni. "Mama mkwe, ulikuwa unatafuta pumzi tu!"

Dama akamweleza habari ya hoteli, ya Nyambura, ya kesho asubuhi. Absalom akaziangalia ovaroli zake, akauliza kama aje na shati jeupe. Dama alimwambia aje na spana.

"Basi twende ulijaribu," alisema Garama. Alimnyooshea ufunguo. Gari hili hajapata kumpa mtu aliendeshe akiwa na yeye ndani, hata Absalom. Siku ya Ng'ombeni fundi alikaa kama abiria. "Shika wewe."

Absalom alijifuta mikono mara mbili kabla ya kuupokea. Akaingia, akajiweka sawa, Garama kando yake, watu wakasogea kupisha. Akawasha, likavuma. Akatafuta gia kwenye usukani kwa furaha na haraka, akaachia klachi vibaya. Pijo likaruka mbele, likatikisika, likazima.

Mwanatatu akapiga ukelele, "Kifuniko!" na wote wakaangua kicheko, na Garama alikuwa amekwisha kufungua mlango akimbilie nyuma.

"Rudi ndani, mzee," alisema Absalom, kwa sauti iliyofika mpaka barabarani. "Hii ni mimi."